Mwenza wa Kapteni

Mtumba, 3 Agosti 2024

Mama mkwe Raheli Ndahani,

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzima, na Jenifa mwanao ni mzima, anakusalimu sana na anasema ule mlenda mkavu uliomtumia umekwisha.

Mama, uniwie radhi kwa kukuandikia. Kusimama mbele yako nikaongea siwezi, hilo unalijua kuliko mimi. Nimelelewa kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na siku ile tulipokutana njiani kule Haneti mimi ndiye niliyejitupa kwenye mtama wa watu mpaka ulipopita. Simu nayo haitusaidii. Ukisikia sauti yangu tu unamkabidhi shemeji Thomas, na Thomas nikimwambia "mwulizie mama hali" anakufikishia kwamba naomba mbuzi. Ndiyo maana nimeona karatasi ni salama.

Kama Jenifa alivyokueleza, niliacha ulinzi, sasa namtunza farasi wa Bwana Kristofa, huku nyuma ya Mji wa Serikali. Farasi ni mmoja, mweupe, anaitwa Kapteni. Alitolewa Arusha alikokuwa na wenzake. Hapa anapandwa na maharusi wapigwe picha, na Jumapili watoto wa watumishi wanazungushwa juu yake. Kazi ilikuja na chumba, ndicho tunachoishi.

Mama, farasi huyu hatulii. Anazunguka boma tangu kunakucha mpaka ardhi imechimbika. Anatafuna mlango. Anayumba mguu huu na mguu huu, pumba anaziacha, mbavu zimeanza kuonekana. Nikienda dukani tu analia mpaka majirani wanatoka nje. Daktari wa mifugo alimpima akasema hana ugonjwa wowote, ana upweke, farasi hakuumbwa akae peke yake. Akasema punda anatosha kuwa mwenzake. Tulimleta mmoja wa mnadani, kijana, akamng'ata Kapteni sikio tukamrudisha. Sasa daktari anasema tutafute punda jike, mtu mzima, mpole, asiye na makuu. Jenifa akacheka, akasema huyo anamfahamu, huyo ni Viti Maalumu wa mama.

Najua ni nani Viti kwako. Lakini Bwana Kristofa ametamka wazi kwamba farasi akiendelea kukonda, mimi na Jenifa tutafute pa kwenda. Naomba uniazime. Nimekaa na ombi hili wiki nzima sijui niliweke wapi.

Mkwe wako,
Joel Chilongani

*

Haneti, 11 Agosti 2024

Mkwe,

Marahaba. Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Farasi anasusa chakula kwa sababu hana wa kukaa naye! Mimi tangu baba yake Jenifa afariki naongea na sufuria, na sijawahi kususa ugali. Huyo Kapteni wenu amedekezwa. Na huyo daktari aje anipime na mimi.

Viti ndiye miguu yangu, mkwe. Asubuhi namfunga madumu, nampiga kofi la kiunoni, anashika njia mwenyewe mpaka kisimani. Joha anayeangalia kisima anamjazia, anageuka, anarudi. Hapotei, hasimami kupiga soga njiani. Thomas mwanangu nikimtuma hapohapo narudishiwa jioni. Watu walinicheka nilipompa jina hilo, nikawaambia huyu ndiye Viti Maalumu pekee anayeleta maji kijiji hiki. Diwani mwenyewe alicheka, ingawa mkewe hakucheka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshakunja midomo niseme hapana. Lakini tangu umwoe Jenifa hujawahi kuniomba kitu, na kwetu, nyumbani kwa baba yangu, mkwe hanyimwi ombi la kwanza. La pili nitakunyima vizuri sana.

Meshack anateremsha alizeti Dodoma wiki ijayo, atampakia kwenye fuso. Hapendi kushikwa masikio. Hapendi mtu wa miluzi. Pumba mpe kidogo, akizidisha anavimba tumbo. Awe amerudi Septemba ikiisha, maana jua la Oktoba na mimi hatuelewani.

Niliyemzaa mke wako,
Raheli

*

Mtumba, 25 Agosti 2024

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Viti amefika salama. Aliposhuka kwenye fuso alisimama akaangalia ghorofa za wizara kule mbali, akapiga chafya, akaanza kula majani ya bustani ya Bwana Kristofa.

Nilimweka kwanza upande wa pili wa uzio kama daktari alivyoagiza. Akalia ule mlio wake, mama, unaujua, ule wa kama pampu mbovu. Kapteni aliyekuwa anazunguka akasimama tuli. Ndiyo mara ya kwanza namwona amesimama. Nilipowachanganya walipigana mateke siku ya kwanza, mimi niko getini nasali kwa sauti, Jenifa ananiambia niache kelele nawatia wazimu. Siku ya pili Kapteni alimfuata Viti kila mahali akimnusa shingoni na Viti akimpuuza. Sasa wanasimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja anamfukuzia mwenzake nzi usoni.

Anakula, mama! Anamaliza pumba na kulamba chombo. Mlango umepona. Nimefurahi mpaka nikatokwa machozi mbele ya Bwana Kristofa, naye akanipiga begani akasema sasa umekuwa mtu wa farasi. Chumba chetu kimebaki kuwa chetu. Mungu akubariki sana.

Mkwe wako,
Joel

*

Haneti, 8 Septemba 2024

Mkwe,

Marahaba. Nimefurahi kwamba farasi amepata shoga.

Lakini hukusema Viti anafanya kazi gani. Mnambebesha nini? Punda wa kusimama kivulini tangu asubuhi hadi jioni sijawahi kumsikia, na nisingependa arudi kwangu akiwa na tabia za mjini. Mpe hata kuni abebe.

Mimi usinihangaikie. Maji ninayo, Joha ananiletea. Hali ni nzuri tu.

Je, akisikia mtu wa lafudhi ya huku anageuza masikio? Nauliza tu. Asubuhi bado naamka natafuta madumu, nafika zizini ndipo nakumbuka. Nyumba imekuwa na ukimya wa ajabu, na mimi niliyezoea kumtukana mtu saa za asubuhi sina wa kumtukana.

Septemba, mkwe. Nahesabu.

Raheli

*

Mtumba, 2 Oktoba 2024

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Najua Septemba imekwisha. Kila nilipokaa kuandika nilisimama tena. Gari la Meshack halijapatikana, na magari mengine yanakataa kupakia mnyama.

Nikusimulie la Jumamosi angalau ucheke. Tulikuwa na harusi. Kapteni kapambwa maua, bibi harusi yuko juu na gauni limefunika mgongo wote wa farasi, mpiga picha yuko tayari. Kapteni akagoma. Hatua mbele hataki. Anageuza shingo anaangalia bomani kwa Viti. Nikaona aibu inakuja, nikamfungua Viti nikampitisha mbele, na Kapteni akamfuata taratibu kama mtu anayekwenda altareni. Mama yake bwana harusi akauliza kwa sauti, "Huyo naye ni wa upande gani?" Mshereheshaji akajibu kwamba ni shangazi wa farasi. Watu wakaangua kicheko, ila bibi harusi alilia, kwa sababu Viti ametokea kwenye kila picha, na kwenye moja ameuinua mkia.

Viti huwa anageuza masikio, ndiyo. Jenifa akiongea naye Kigogo anasogea mpaka anamkanyaga.

Mama, Bwana Kristofa anaomba Viti abaki mpaka harusi za Desemba ziishe. Ombi hili ni la bosi. Si langu. Kwa hiyo sidhani kama linahesabika kuwa la pili.

Mkwe wako,
Joel

*

Haneti, 13 Oktoba 2024

Joel,

Usinipigie simu. Nikisikia sauti yako nitakusamehe upesi, na leo sitaki kukusamehe.

Nimefika nyumbani kumsalimia mama kama tulivyopanga, sikumkuta. Nikamngoja. Akatokea kwenye njia ya kisimani na ndoo kichwani, ameishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa cha kanga kifundoni, umevimba. Aliteleza kwenye korongo tangu mwanzoni mwa Septemba. Mwanzoni mwa Septemba, Joel! Wakati sisi tunaandikiwa "hali ni nzuri tu." Nikamuuliza, si ulisema Joha anakuletea? Akaniambia Joha ana foleni ya kijiji kizima, anamletea kwa miguu gani. Thomas yuko vibaruani Kondoa, harudi mpaka mvua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Ndipo akanijibu kwamba mkwe haelezwi shida za mwili wa mama mkwe wake. Yeye anakuficha kwa heshima, na wewe unamficha kwa heshima. Ndiyo, najua unamficha. Nilimwona Meshack kwa macho yangu akipita Mtumba na fuso tupu, na wewe ukiwa umesimama getini unampungia mkono.

Mimi sirudi. Nabaki kumchotea mama maji mpaka Viti aje. Nimeshaomba likizo kazini, wakinifukuza basi. Ukiona chumba kikubwa ghafla, kaa katikati ya farasi na punda, wao angalau wanajua kukaa na mtu.

Jenifa

*

Mtumba, 17 Oktoba 2024

Jenifa mke wangu,

Kweli nilimdanganya mama. Nisikilize halafu ukasirike vizuri.

Siku ile ya Meshack, wewe ulikuwa hujarudi kutoka kazini. Nilimtoa Viti kwa kamba, nikamfikisha barabarani penye fuso. Nyuma yangu nikasikia mbao zinavunjika. Kapteni alipita na kipande cha geti kifuani, akaingia kwenye lami. Malori ya kokoto yanapiga honi, yeye anazunguka katikati anatafuta, macho yamemtoka. Lori moja lilisimama karibu limguse. Alipomwona Viti akaja akaweka shingo juu ya mgongo wake, anatetemeka. Nilirudi nao wote wawili, na Meshack nikampungia mkono aende. Ndipo uliponiona.

Bwana Kristofa hakunilipisha lile geti, alinikodolea macho tu. Akasema siku punda akiondoka, na mimi niondoke kwa geti hilohilo.

Naogopa, Jenifa. Nikimrudisha Viti naua farasi na tunalala nje. Nikimbakiza, mama anavunja mkono wa pili. Nazunguka hili boma kuliko alivyozunguka Kapteni. Chakula napika nakiacha.

Mwambie mama pole. Au usimwambie, sijui. Wewe ndiye unayejua yupi aambiwe nini.

Joel wako

*

Haneti, 29 Oktoba 2024

Mkwe,

Ya juzi tuyamalize kwa karatasi, maana kwa mdomo tuliyaanza vibaya.

Nilikuja bila kukuarifu kwa sababu ningekuarifu ungepata sababu. Jenifa alinisomea barua yako yote, hata pale pasiponihusu. Nikasema basi nitamchukua punda wangu mwenyewe, farasi afe, mimi si mama yake. Nikapanda basi la asubuhi.

Nilijitanda kanga mpaka puani. Ulipotokea na ndoo nikatafuta pa kugeukia, nawe ukatafuta pa kukimbilia, na kwa Bwana Kristofa hakuna hata kichaka. Ukajificha nyuma ya farasi. Mimi nikajificha nyuma ya punda. Tukawa tumesimama hivyo, nakuona kandambili tu.

Ndipo nikasema, "Viti, mwambie aliyekuazima kwamba mwenyewe amekuja."

Ukasema, "Kapteni, msalimie mama. Mwambie shikamoo, na pole ya mkono."

Nikasema, "Viti, muulize ni gari gani lililokosekana."

Hapo kandambili zikarudi nyuma hatua moja. Bosi wenu amesimama pale na simu yake, anatuangalia kama watu waliopandwa na mashetani. Halafu ukasema, "Kapteni, mwambie mama gari lilikuwepo. Niliogopa."

Mkwe, hilo neno lilinimaliza. Nimeishi na wanaume: baba, kaka, marehemu mume wangu, Thomas. Sijasikia hata mmoja akisema niliogopa, hata kwa mnyama. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu nimeyapanga vizuri tangu Chamwino, yakanipotea.

Hata hivyo nilimfungua Viti nikamtoa. Ulimshika farasi hatamu, hukuniomba kitu, hilo nililiona. Kapteni hakupiga kelele. Alisimama kivulini akaanza kutoka jasho, shingo yote ikalowa. Mnyama mkubwa kiasi kile! Nilifika penye geti nikageuka. Ningeendelea kama asingekuwa kimya. Kimya kile nakijua, niliwahi kukaa nacho mwaka mzima baada ya mazishi, na watu wakisema Raheli ni jasiri.

Nikamrudisha. Abaki mpaka harusi zenu ziishe.

Nimefika nyumbani mikono mitupu, Jenifa akafungua mdomo kuuliza, nikamwambia nyamaza. Mkono unapona. Nilikudanganya kuhusu Joha, na wewe ulinidanganya kuhusu Meshack, nadhani tumetoshana. Jenifa anabaki kunichotea. Wewe una punda wangu, mimi nina mke wako, tusiulizane.

Ila nimekukasirikia bado. Usifikiri imekwisha.

Raheli

*

Mtumba, 9 Januari 2025

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Naandika nikiwa na hasira, samahani.

Kapteni ameuzwa.

Harusi za Desemba zilipita mbili tu. Watu waliambiana kwamba kwa Kristofa farasi ni mzuri lakini utapigwa picha na punda. Bosi akaniambia atamuuza, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili si kwa utani, mara ya tatu akaja na mtu wa shamba la farasi, Arusha. Nikamwuliza na punda? Akasema punda si wake, ni wa mama mkwe wako, si ndivyo?

Jana asubuhi walikuja na gari. Nililia kama mtoto, mama, sitaficha. Yule mtu aliniambia nisihofu, kule farasi wako wengi, Kapteni atakuwa na wenzake wa kufanana naye. Na kweli, ndani ya gari walikuwa na farasi mwingine, na Kapteni alipomnusa aliingia mwenyewe. Hakugeuka. Nilikuwa nimejiandaa kumshika asivunje gari, nikabaki na mikono hewani.

Wewe na Jenifa mmechota maji kwa kichwa miezi yote hii kwa ajili ya mnyama aliyeondoka bila kugeuka. Mimi nimekaa bila mke. Sijui nimlaumu nani. Nilikuomba kitu kikubwa kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe imeondoka kwenye gari.

Tumeambiwa tutoe vyombo. Jumamosi Meshack ananipakia mimi, Viti na kitanda. Nitafikia kwenye kile kibanda cha Thomas pale uani kwako, nimeshamwomba. Nitapita kwa nyuma nisikutie aibu.

Mkwe wako,
Joel

*

Haneti, kibandani kwa Thomas, 17 Januari 2025

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Naandika nikiwa uani kwako, na ninaposimama nauona mlango wako. Jenifa amekubali kuibeba barua hii, ila anasema tumezidi, na kwamba kwenda mlango hadi mlango na bahasha kunamfanya aonekane karani wa mahakama.

Ni kuhusu Viti. Umemwona mwenyewe. Tulidhani akifika kwake atachangamka, atashika njia ya kisimani. Hashiki. Jana nilimfunga madumu nikampiga kofi la kiunoni, akasimama palepale anaangalia barabara ya Dodoma. Majani hayagusi. Maji ananusa anaacha. Thomas anasema ni uchovu wa gari. Si uchovu, mama. Mimi nimeshayaona haya, ila niliyaona kwa farasi.

Nimempigia daktari. Amesema punda akiachanishwa na mwenzake anaweza kugoma kula mpaka damu yake ikaharibika, na ikishaharibika hakuna dawa ya maana. Amesema tusimwache peke yake na ahakikishwe anakunywa. Nikamwuliza mbona hukutuambia mapema? Akasema hatukumwuliza habari za punda. Na ni kweli. Sote tulimwangalia farasi. Viti alikuwa hasumbui, tukadhani hana neno.

Kule kwa Bwana Kristofa, wakati wa kunywa alikuwa anasimama katikati. Kapteni ubavu huu, mimi ubavu ule na ndoo. Leo nimemwegemea, akanywa mafunda machache, kisha akageuka upande ulio wazi, akaacha. Thomas alipojaza nafasi ile akapigwa teke la paja, yuko ndani anajikanda. Jenifa akajaribu. Viti hakumpiga, ila alimpita kwa macho, akaangalia mlango wako. Nikamwambia Jenifa ajaribu tena, ikawa vilevile. Anaangalia mlango wako, mama.

Mimi siombi kitu. Ulishaniambia ombi la pili litakuwaje, na hata bila hilo nisingethubutu. Umri wangu wote nimejua kwamba ukitokea mimi natoweka. Nakueleza tu hali ya mali yako.

Tangu juzi amekunywa kidogo sana. Sijui kama atafika Jumapili.

Joel

*

Haneti, 18 Januari 2025

Joel,

Nimekuita kwa jina. Ndiyo, hata mimi mkono ulisita.

Barua yako nililala nayo. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, lakini hakula hata siku moja mbele ya mama yangu. Mama alipougua, mume wangu aliketi nje ya nyumba yake wiki nzima, hakuingia. Alimsikia akikohoa, akamsikia akiita maji, na yeye yuko nje ya ukuta. Akaingia mama alipokufa, kusaidia kubeba. Watu wote walimsifu kwa adabu yake, na mimi nilijivuna. Nimejivuna nayo mpaka jana jioni. Usiku nikaanza kujiuliza kama mama alijivuna.

Naogopa, Joel. Nami nimelisema. Sijui nitaweka wapi macho. Mashoga zangu wa Umoja wa Akina Mama wakipita njiani watasema Raheli amechanganyikiwa, anasimama bega kwa bega na mkwe wake kwa sababu ya punda. Waseme. Wao hawachotewi maji na Viti.

Asubuhi hii ulipokwenda kisimani na ndoo nimetoka nje. Nimesimama ubavuni kwake. Ameniegemea kwa uzito wote, karibu aniangushe, mjinga huyu. Amekonda. Nilikuwa sijamgusa tangu nilipomrudisha kwenye lile boma lenu, maana hata hapa uani, ulipo wewe mimi sisogei. Karatasi nimeilaza mgongoni kwake, ndiyo maana maneno yanapanda na kushuka, ni pumzi zake.

Naona unarudi. Umeniona, umesimama na ndoo kichwani, unatafuta pa kwenda. Hapana pa kwenda. Njoo. Nikikunyooshea karatasi hii ipokee kutoka mkononi mwangu, isome yote, kisha usiseme neno na mnyama yeyote. Nisalimie mimi.

Halafu simama upande wako, uinue ndoo.

Raheli